Staa Kapimwa, Namba Imetoka 9: Avae Mashine au Mnamtisha Bure?

Wadau, wiki hii mtandaoni ni koromo tu.

Kwa mliokuwa hamna bando, stori iko hivi. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina tunalihifadhi ingawa najua wengi mshamjua, alirekodiwa na shemeji yetu akiwa kalala. Anakoroma kama jenereta, halafu ghafla kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haipiti. Zinapita sekunde kadhaa, anashtuka na mkoromo mmoja wa nguvu, anajigeuza, safari inaendelea. Shemeji anacheka, komenti zote zinacheka. Katikati ya vicheko mdau mmoja akaandika: "Shem, mpeleke huyo hospitali, hicho kimya sio cha kuchekea."

Jamaa kaenda kweli. Juzi kaposti karatasi ya majibu: apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika ukiwa umelala, kiwango kidogo, namba 9. Akaandika na maelezo yake kwamba yeye mchana yuko freshi, presha yake iko sawa, na anauliza mashabiki afanyeje.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Timu ya kwanza: "Kaka nunua mashine leo leo, utakufa usingizini tukuimbie nyimbo zako mwenyewe." Timu ya pili: "Hospitali wanatafuta hela tu. Babu yangu kakoroma miaka yote na bado analima."

Mimi sipo timu yoyote kati ya hizo. Kiwango kikiwa kidogo, namba peke yake haitoshi kumvisha mtu mashine, na pia haitoshi kumwambia akalale zake. Kinachotakiwa kuamua ni mchana wake ukoje, kazi yake ni ipi, na mwili wake una mzigo gani mwingine. Subirini nimalize ndio mje mnishambulie.

Kwanza hiyo 9 ni nini?

Ukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa baadhi ya watu inalegea mpaka njia ya hewa inabana au inaziba. Pumzi ikikatika au kupungua sana kwa sekunde 10 na kuendelea, hilo ni tukio moja. Ubongo unashtuka, unakuamsha nusu nusu bila wewe kujua, unavuta hewa, unarudi kulala. Kipimo kinahesabu matukio hayo yametokea mara ngapi kwa saa.

Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni kiwango kidogo. Kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni wastani, na 30 kwenda juu ni kali. Kwa hiyo staa wetu na 9 yake yuko kwenye daraja la chini. Ukitaka kumtisha unamwambia "pumzi inakusumbua zaidi ya mara 60 kwa usiku", na ni kweli, 9 mara saa saba ni 63. Ila mwenye 30 akilala saa hizo hizo anafika 210. Hawa wawili hawawezi kupewa ushauri mmoja kwenye komenti.

Halafu namba yenyewe haijatulia. Ukipimwa siku una mafua, au umetoka kupiga vitu kwenye shoo, au umelala chali usiku kucha, inapanda. Siku nyingine umelala ubavu na hujanywa kitu, inashuka. Vifaa vingi vya kupimia nyumbani navyo havijui umelala au unachungulia simu gizani. Vinagawanya matukio kwa saa zote ambazo kifaa kilikuwa kimewashwa, kwa hiyo namba inaweza kutoka ndogo kuliko hali halisi. Mwenye 14 na mwenye 16 wanaweza kuwa na koo linalofanana kabisa, kilichowatenganisha ni mstari tu kwenye karatasi.

Ndio maana ukipewa majibu usiishie kuuliza namba. Muulize daktari vitu vitatu: oksijeni yangu ilishuka mpaka ngapi? Nikilala chali ilikuwaje na nikilala ubavu ilikuwaje? Na hicho kipimo kilipata saa ngapi za usingizi wa kweli? Hayo majibu yana maana kuliko hiyo 9 mnayoigombania.

Namba moja, watu wawili

Tuchukue hiyo hiyo 9 tuwape watu wawili kwenye msafara mmoja.

Wa kwanza ni staa mwenyewe. Kwa maneno yake, anaamka vizuri, hasinzii, presha iko poa. Tatizo kubwa nyumbani kwake ni kwamba shemeji halali kwa kelele.

Wa pili, tuseme ni dereva wa Coaster ya bendi. Shoo imeisha Mbeya saa tisa usiku, anatakiwa kuileta bendi Dar, zaidi ya kilomita 800. Karatasi yake imeandikwa 9 vilevile, kiwango kidogo vilevile. Ila huyu anaamka kichwa kinamgonga, akikaa kwenye foleni macho yanajifunga, na mara mbili ameshtuliwa na tairi zikigonga kokoto za pembeni ya barabara.

Kuna mtu humu atasema hawa wawili wanahitaji kitu kimoja? Wa kwanza ana muda wa kufikiria. Wa pili hatakiwi kushika usukani mpaka huo usingizi upatiwe ufumbuzi, na kama ni mashine basi avae, hata kama namba yake mnaiita ndogo. Neno "kidogo" limeandikwa kwa ajili ya koo lake. Abiria 25 waliolala nyuma yake hawamo kwenye kipimo.

Hii siitoi kichwani kwangu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021, ule wa taasisi yao ya NICE, unasema mwenye apnia kidogo asiye na dalili zinazomsumbua mchana kwa kawaida hahitaji matibabu. Mwenye dalili zinazomharibia maisha anapewa ushauri wa kubadili mtindo wa maisha, na hiyo isipotosha mashine inaingia kwenye mjadala. Wamarekani kwenye mwongozo wao wa 2019 waliitilia mkazo mashine kwa mtu anayesinzia sana mchana. Kwa mwenye presha, au ambaye usingizi wake mbovu umemharibia maisha, waliipendekeza kwa tahadhari zaidi. Kwa asiye na dalili yoyote, walikuta ushahidi hautoshi kusema avae ili eti aukinge moyo.

Umeona? Hata mabingwa wenyewe wanauliza "unajisikiaje mchana" kabla ya kutoa mashine.

Kwa timu "utakufa"

Punguzeni moto. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 2,700 ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au waliwahi kupata kiharusi, na apnia yao ilikuwa ya wastani hadi kali. Nusu walipewa mashine ya kupuliza hewa, ile ya CPAP, nusu wakapata matibabu yao ya kawaida tu. Mashine haikupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo. Ilipunguza kukoroma na kusinzia mchana, na watu wakawa na hali nzuri zaidi. Kuna wanaosema ni kwa sababu wengi waliivaa saa chache tu kwa usiku, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kama kwa wagonjwa wale haikuonekana kuokoa maisha, wewe unapata wapi ujasiri wa kumwambia mwenye 9 asiye na dalili kwamba bila mashine hafiki Ijumaa?

Kwa timu "hospitali wanatafuta hela"

Nanyi mkae. Uingereza kulifanyika utafiti kwenye vituo 11, watu 301 wenye apnia kidogo, majibu yakachapishwa mwaka 2020. Waliovaa mashine kwa miezi mitatu walipata nguvu zaidi na uchangamfu kuliko waliopewa ushauri wa kulala vizuri peke yake. Kwa hiyo "kidogo" kinaweza kumchosha mtu kweli, na kikitibiwa anaona tofauti.

Halafu kuna presha. Huko Wisconsin, Marekani, walifuatilia watu 709 kwa miaka minne. Wenye namba kuanzia 5 hadi chini ya 15 walikuwa na uwezekano wa kukutwa na presha mara mbili hivi ya wale wasiokatika pumzi kabisa. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba koo ndilo lililoleta presha, ila unatosha kukufanya upime. Kama una presha inayogoma kushuka na unakoroma, usimalizie kwenye komenti, mwambie daktari wako vyote viwili.

Na yule babu anayelima na kukoroma, Mungu amzidishie. Ila tunamsikia kwa sababu yupo. Waliosinzia barabarani hawaji kuandika komenti.

Mchana wako utausomaje?

Kuna dodoso moja rahisi lilitungwa Australia mwaka 1991, linaitwa Epworth. Lina hali 8, kila moja unajipa alama 0 mpaka 3 kwa jinsi unavyoweza kusinzia: ukisoma, ukiangalia TV, ukikaa kimya sehemu ya watu, ukiwa abiria kwenye gari saa nzima, ukijilaza mchana, ukiongea na mtu, ukikaa baada ya chakula cha mchana bila pombe, na ukiwa kwenye gari lililosimama kwenye foleni. Ukizidi 10 kati ya 24, usingizi wako wa mchana umepita kiasi.

Sasa nawajua. Mtasema kwenye daladala kila mtu anasinzia. Kweli kabisa, na hapo ndipo vijana wa mjini tunapojichanganya. Umelala saa nane usiku unaperuzi, umeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari. Hapo umelala saa tatu! Huhitaji apnia ili usinzie. Kabla hujalaumu koo, jipe wiki mbili za kulala saa saba kila usiku, simu ikiwa mbali. Ukiendelea kusinzia ukiwa unaongea na mtu, hapo koo ndio liitwe kujibu. Ila kama unasinzia ukiendesha gari au bodaboda, hizo wiki mbili huna. Nenda kapime sasa, na chombo mwachie mwingine.

Madada, nyie hasa. Mwanaume akikoroma ni utani, mwanamke akikoroma ni aibu, basi mnaficha. Wengi wenu hamji na mkoromo. Mnakuja na uchovu usioisha, kichwa asubuhi, usingizi wa kukatika katika, hasira za bila sababu, mnaambiwa "ni stresi tu". Na kama una mimba na umeanza kukoroma sana, waambie kliniki, maana apnia kwenye ujauzito imehusishwa na presha na kisukari cha mimba.

Wengine mnasema ni jinamizi. Jinamizi tunalolijua ni lile la kuamka huku mwili hausogei, unaona kama mtu kakukalia kifuani. Apnia ni ya kushtuka ukihema na kutafuta hewa, mwili unasogea vizuri tu, na aliye pembeni yako alikusikia ukikoroma kabla. Kama yako ni hii ya pili na inajirudia, kapime.

Kati ya mashine na kukaa kimya kuna vitu vingi

Hiki ndicho kinachoniuma kwenye huo mjadala. Watu wanaongea kama kuna njia mbili tu, kumbe mwenye kiwango kidogo ndiye mwenye uwanja mpana kuliko wote.

Kama namba yako inapanda ukilala chali, jifunze kulala ubavu. Kuna watu wanashonea kampira nyuma ya fulana ili wakigeuka chali wasikie tabu. Kienyeji, lakini kwa wengine inasaidia. Pombe karibu na kulala inalegeza koo zaidi, iache au iwahishe. Pua iliyoziba kwa aleji itibiwe. Na kama mwili umeongezeka, kule Wisconsin walioongezeka uzito kwa asilimia 10 namba yao ilipanda kwa takriban asilimia 32, na waliopungua asilimia 10 ilishuka kwa takriban 26. Kitambi kikienda, shingo nayo inapumua.

Kuna kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele kidogo ili koo libaki wazi. Kinatengenezwa na daktari wa meno anayejua kazi hiyo, na kwa kiwango kidogo kinaweza kutosha. Hata mazoezi ya koo yapo. Kwenye utafiti wa Waswisi uliotoka mwaka 2006, walichukua watu 25 na baadhi yao wakawafundisha kupuliza didgeridoo, lile zumari refu la wenyeji wa Australia, kwa miezi minne. Waliopuliza wakapunguza kusinzia mchana. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza halafu zikakufikirisha. Wapiga tarumbeta wa bendi, msijisahau.

Sasa ya kuepuka. Usikubali kukatwa kimeo na fundi wa mtaani eti ndicho kinachokukoromesha. Watu wanavuja damu na kupata maambukizi kwa hilo, na koo linaloziba ni zaidi ya kimeo. Usikimbilie sindano za kupunguza mwili kwa sababu umesikia zinatibu apnia. Iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2024 ni kwa watu wazima wenye unene uliozidi na apnia ya wastani hadi kali. Kiwango kidogo hakimo humo. Na usinunue mashine ya mtumba kwa mtu wa mtandaoni bila kuikagua. Juni 2021 kampuni moja kubwa ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu ya sponji ya ndani iliyokuwa inachakaa na kuingia kwenye hewa. Hujui hiyo unayouziwa imetoka wapi.

Mashine yenyewe ni kitu kizuri kwa anayeihitaji. Imekuwepo tangu daktari Colin Sullivan wa Sydney aibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na imewarudishia watu wengi usingizi wao. Lakini bei yake si ya kitoto, umeme ukikatika nayo inazima, na inafanya kazi ukiivaa tu. Mtu aliyevishwa kwa kutishwa, bila dalili anayoiona ikiondoka, ataivaa wiki mbili halafu itaishia juu ya kabati.

Kwa hiyo staa afanyeje?

Ningekuwa meneja wake ningemwambia hivi. Kaka, kama kweli mchana uko freshi na presha imepimwa zaidi ya mara moja ikawa sawa, mashine isubiri. Lala ubavu, pombe ya baada ya shoo ipunguze, uzito uangalie, na baada ya miezi michache rudi kwa daktari. Ukianza kusinzia, presha ikipanda, mwili ukiongezeka, au shemeji akiona vile vimya vimezidi, pimwa upya. Kusubiri kwa namna hiyo ni uamuzi wa kitabibu, usichanganye na kupuuzia.

Na yule dereva wako wa Coaster, mlipie kipimo kabla hujajilipia wewe cha pili.

Shemeji yetu na wewe: ile klipu ilikuwa na kazi nzuri sana kwenye simu ya daktari. Mtu akikatika pumzi mrekodi, muonyeshe akiamka, mwende naye kliniki. Ukianza kwa kumposti, unamfundisha kila anayekoroma nchi hii kuficha, na anayeficha hapimwi mpaka siku ajali inampima.

Watoto siwaingizi kwenye stori hii kabisa. Namba zao zinasomwa tofauti, na mara nyingi shida ni mafindofindo au nyama za pua. Mtoto anayekoroma kila usiku apelekwe hospitali, hakuna cha kusubiri.

Haya, nimemaliza, nishambulieni. Ila kabla hujaandika "nunua mashine" au "ni hela tu", niambie kwanza: huyo unayemshauri, mchana wake unaujua?